Kubana matumizi Dar: kutoka kwenye vya kupima hadi taa nyekundu ya LUKU

Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa ghali kuliko wote mjini. Mafuta ya kupima, sukari ya robo, mkaa wa kopo, sabuni ya kipande, bando la siku: kila kimoja kinaonekana cha jero (shilingi 500) tu, lakini ukikipandisha hadi kilo au lita kinafika bei ambayo mtu wa Masaki mwenye gari la kubebea mizigo hailipi. Ndiyo maana mtu anajinyima chai ya asubuhi, anatembea kwa miguu kutoka Buguruni hadi Posta, na mwisho wa mwezi mfukoni hamna kitu. Amebana pasipovuja.

Maelezo haya ni ya aliyeamua kubana kwelikweli. Yanafuata mahali ambapo pesa ya nyumba nyingi za Dar inapotelea: chakula na moto wa kukipikia kwanza, kisha umeme na maji, halafu vitu vidogo.

Kutoka kwenye vya kupima

Anza kwa kujua unacholipa. Chukua mafuta ya kula. Nunua bomba jipya la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa, kisha pima nyumbani yale mafuta ya 500 uliyopimiwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Tuseme umepata mililita 70. Gawanya 500 kwa 70, zidisha kwa 1,000: lita moja unainunua kwa zaidi ya 7,100. Sasa angalia dumu la lita 5 dukani hapohapo. Kama linauzwa 30,000, lita ni 6,000. Kwa nyumba inayomaliza lita 5 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya 5,500 inayokwenda kila mwezi kwa kosa la kununua kwa kijiko. Bei za mtaani kwako zitakuwa nyingine, ila hesabu ni hiyohiyo. Ifanye kwa sukari, mchele, unga, mkaa na sabuni, uandike kwenye daftari bei ya kilo au lita kwa kila duka unalopita.

Shida ni mtaji. Anayelipwa kwa siku hana 30,000 ya dumu, na ndiyo sababu anapimiwa. Toka na bidhaa moja kwa wakati. Chagua ile unayoinunua mara nyingi zaidi kwa wiki, weka 1,000 pembeni kila siku kwa mwezi mmoja huku ukiendelea kupimiwa kama kawaida, kisha nunua dumu. Kuanzia siku hiyo, ile pesa uliyokuwa ukimpelekea Mangi endelea kuiweka pembeni kana kwamba bado unakwenda dukani. Dumu likikaribia kuisha, pesa ya jingine ipo, na ziada yake ndiyo mtaji wa bidhaa ya pili.

Wengi huanguka hapa: mzigo ukiwa ndani, mkono unakuwa mwepesi. Mafuta ya mwezi yanaisha kwa siku 18. Kwa hiyo kila Jumapili mimina mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo, kisha lifunge dumu na kuliweka mbali na jiko. Toboa kifuniko cha ile chupa ndogo kwa msumari, tundu moja tu, mafuta yatoke kwa mstari mwembamba. Wiki ikiisha mapema, mnakula vya kuchemsha hadi Jumapili.

Kama hata hiyo 1,000 ya siku haipatikani, changishaneni. Wapangaji watatu wa nyumba moja wakinunua debe la maharage kwa pamoja na kugawana kwa mzani, kila mmoja ametoka kwenye bei ya kopo bila kubeba gharama ya debe zima. Gawaneni siku hiyohiyo, mbele ya wote. Mzigo wa pamoja uliokaa chumbani kwa mmoja huvunja ujirani.

Nafaka: kununua, kukagua, kuhifadhi

Mchele, maharage na mahindi vya bei ya chini hupatikana Tandale, Manzese na Temeke Stereo. Dai mzani kila mara. Debe lina hila zake: kitako kikibonyezwa kwa ndani kidogo tu, unapoteza kilo moja au zaidi bila kuona. Hata kisado huweza kuwa na tabaka la ziada chini.

Kabla hujalipa, ng'ata punje. Iliyokauka hupasuka kwa mlio. Yenye unyevu hubonyea. Ukinunua nyingi, fanya jaribio la chumvi. Kaanga chumvi kidogo kwenye sufuria kavu hadi iwe vumbi kabisa, maana chumvi ya Dar hunyonya unyevu wa pwani, kisha iache ipoe. Jaza theluthi ya chupa kavu ya kioo kwa nafaka, tia vijiko viwili vya ile chumvi, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka ina unyevu mwingi mno kuhifadhika. Punje zenye ukungu, za kijani au nyeusi, chagua uzitupe. Huweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haitoki kwa kupika. Wanaonunua mahindi yaliyooza kwa bei ya kutupwa wakasaga uji wa watoto wanaununua ugonjwa.

Hifadhi kwenye madumu ya lita 20, yale ya mafuta ya kula. Dumu moja hubeba kama kilo 15. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili hadi utelezi uishe, ligeuze mdomo chini juani siku mbili. Tone moja la maji likibaki ndani litaharibu mzigo wote. Anika nafaka juani siku moja, iache ipoe kivulini (ukiimimina ikiwa ya moto itatoa jasho ndani ya dumu), kata chupa ya maji upate mrija wa kumiminia, na ujaze. Kila ukifika robo, gonga dumu chini ili punje zishuke. Jaza hadi mdomoni pasibaki nafasi ya hewa, kaza kifuniko juu ya kipande cha plastiki. Wadudu waliokuwemo humaliza hewa ndani na kufa. Ila ukilifungua dumu kila siku kuchota kikombe, hewa inaingia na wadudu hawafi. Chota ya wiki nzima kwa mkupuo. Ndoo yenye kifuniko legelege haifanyi kazi hii hata ukiikaza kwa kamba.

Unga usiuwekee akiba kubwa. Dona ina mafuta ya kiini cha mahindi, na kwa joto la Dar huanza kuchacha ndani ya wiki chache. Weka mahindi, saga ya wiki mbili.

Kapu la joto

Hakuna kitu kinachookoa mkaa na gesi kama hiki, na kinatengenezwa kwa vitu vya bure. Maharage yanahitaji joto kwa muda mrefu, lakini hayahitaji moto muda wote huo. Ukiyachemsha kisha ukaziba joto lisitoke, yanaendelea kuiva yenyewe.

Unahitaji kapu kubwa la ukili, au boksi gumu, pana kuliko sufuria kwa sentimita 10 kila upande. Kitako kijazwe sentimita 10 za maranda ya seremala, nguo kuukuu au vipande vya sponji ya godoro. Shindilia kuta vivyo hivyo, ukiacha shimo la ukubwa wa sufuria katikati. Shona mto bapa wa kufunika juu, unene huohuo, unaobana hadi pembeni. Joto hukimbilia juu, na mto mwembamba ndiyo sababu ya kwanza ya chakula kutoka kibichi. Tandika shuka la zamani ndani ya shimo ili maranda yasiingie chakulani na uweze kulifua.

Kwa maharage fuata hivi:

1. Loweka nusu kilo usiku kucha, saa 8 hadi 12. Mwaga maji hayo.
2. Tia maji mapya yapande sentimita 3 juu ya maharage. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili. Sufuria kubwa yenye chakula kidogo hupoa haraka.
3. Chemsha kwa moto mkali, yakitokota kwa nguvu, dakika 20 kamili kuanzia povu la kwanza. Hatua hii hairukwi. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mtokoto tu. Joto la kapu peke yake haliiondoi, na anayekula maharage yaliyoivia kapuni bila kutokota hutapika.
4. Funika, epua, ingiza kapuni na ufunike mto, yote ndani ya dakika moja. Usifungue kwa saa 4.
5. Rudisha motoni yatokote tena dakika 10, ndipo uunge.

Nyanya, limau na ukwaju vingoje mpaka mwisho, maana ukali wake huyafanya maharage yabaki magumu. Magadi hulainisha kweli, lakini huua vitamini na kuacha ladha ya sabuni. Kama maharage hayakuiva hata baada ya yote haya, ni ya zamani. Mwambie aliyekuuzia, usinunue tena gunia lile.

Wali hutokota dakika 5, kisha unakaa kapuni dakika 50. Punguza maji kidogo kuliko kawaida, kwa sababu hakuna mvuke unaotoroka. Makande yafanye kama maharage. Nyama ngumu na utumbo vitokote nusu saa, kapuni saa 4, kisha vitokote tena. Ugali haupikiki humu. Usikilaze chakula kapuni hadi kesho yake: kikishuka kuwa vuguvugu kinachacha, cha nazi kwanza kabisa.

Mkaa na gesi

Kwa mkaa, vunja vipande viwe saizi ya yai. Vikubwa hubaki na kiini kisichowaka wakati chakula kimeshaiva. Chakula kikiiva, usiache makaa yamalizikie bure wala usiyamwagie maji. Yatie kwa koleo ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana. Hukosa hewa na kuzimika, na kesho yanashika moto upesi kuliko mkaa mpya. Kabla ya kubandika, paka nje ya sufuria sabuni ya mche nyembamba, na masizi yatatoka kwa maji tu. Jiko lenye makaa lisilale chumbani, hata siku ya mvua, hata yakiwa yamefunikwa majivu. Hewa yake haina harufu na inaua watu waliolala.

Kwa gesi, uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha na kilo 6 au 15, dai upimiwe dukani kabla ya kulipa, na uangalie lakiri. Gawanya bei kwa kilo: mara nyingi mtungi mkubwa una kilo ya bei nafuu kidogo. Moto ukipita ukingo wa sufuria unapasha ukuta. Ukiwa wa njano, matundu ya kichwa cha jiko yameziba. Yazibue kwa sindano. Mpira wa gesi uliopasuka na regyuleta inayopumua ni vya kubadilisha siku hiyohiyo. Kagua kwa povu la sabuni, usikague kwa kiberiti.

LUKU: kusoma kile kitaa chekundu

LUKU ni umeme wa kulipia kabla. Mteja wa nyumbani aliye kwenye D1, daraja la watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na 350 kwa zinazozidi, kabla ya kodi na tozo. Aliye T1, daraja la matumizi ya kawaida, hulipa 292 kuanzia uniti ya kwanza. Ukiongeza VAT na tozo, ni kama 122 dhidi ya 356. Hivyo mbano wote wa umeme, kwa nyumba ndogo, una shabaha moja: kukaa ndani ya uniti 75. Ni uniti mbili na nusu kwa siku.

Kitaa chekundu cha mita kinawaka na kuzima kadiri umeme unavyokwenda. Karibu nacho pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, maana yake mipigo 1,000 ni uniti moja. Zima kila kitu isipokuwa kifaa kimoja, chukua simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na upime muda kutoka pigo moja hadi jingine. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 60 ni wati 60, yaani feni moja. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya 2,250 badala ya 3,600. Kwa dakika kumi utakuwa umeijua nyumba nzima.

Kisha chomoa vyote, hata chaja. Kitaa kikiendelea kupiga, kuna umeme unavuja kwenye waya mbovu au kuna mtu amejiunga kwako. Mwite fundi umeme mwenye leseni. Usitafute mwenyewe ndani ya kuta.

Friji ndilo linalokula kimya kimya. Liache peke yake kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, soma uniti kabla na baada, zidisha kwa 3. Likitumia nusu uniti usiku, ni uniti moja na nusu kwa siku, 45 kwa mwezi, na mchana mlango ukifunguliwa ovyo ni zaidi. Yaani zaidi ya nusu ya zile 75. Bana noti kwenye mlango: ikichomoka bila kushika, mpira umechoka. Upanguse, uumwagie maji ya moto ujinyooshe, au ubadilishe. Liache sentimita 10 kutoka ukutani. Barafu ikifika nusu sentimita, lizime iyeyuke yenyewe. Anayekwangua kwa kisu hutoboa bomba la gesi, na bei ya fundi inakula akiba ya mwaka.

Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa hula hadi nusu uniti. Piga nguo za wiki nzima siku moja, anza na nzito, na mbili za mwisho nyepesi zipige ikiwa imechomolewa. Kuchemsha lita moja ya maji kwa birika la umeme ni takribani uniti 0.1, kwa hiyo pima kikombe ulichohitaji. Anayejaza birika kwa chai ya mtu mmoja anachemsha hewa ya jikoni.

Kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja kwa vyumba sita, uniti 75 huisha wiki ya pili na wote mnalipa 350. Hapo kubana kwako peke yako hakukusaidii. Wekeni mita ndogo za kugawia kila chumba, na mwombeni mwenye nyumba aombe mita za LUKU zaidi. Kodi ya majengo pia hukatwa kupitia LUKU tangu 2021. Ni kodi ya mwenye jengo. Kubalianeni aipunguze kwenye pango, na mwandikishane.

Maji

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 20 na ushee kwa siku, dumu zima. Washa mpya ya mpira, kile kipete cha ndani ya bomba, ni bei ya andazi chache. Kwa choo cha kuvuta, tia matone ya maji ya rozela kwenye tangi la juu, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini, mpira wa tangi unavuja. Ukinunua kwa dumu wakati mwenzako ana bomba la DAWASA, kumbuka uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50. Zidisha bei ya dumu lako kwa 50 uone, kisha ufikirie kuchangia gharama ya kuunganishwa.

Maji ya kisima ya chumvi ni ya choo na kudeki. Sabuni haitoi povu ndani yake, na anayefulia kwayo anapoteza kwenye sabuni alichookoa kwenye maji. Ya kufulia yapangilie: nyeupe kwanza, kisha za rangi, kisha madeki, kisha choo. Kuoga kwa kopo, lita 10 zinamtosha mtu mzima.

Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 30 za mraba na mvua ya milimita 20, ukitoa inayorukia nje, ni zaidi ya lita 450. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, weka gata na mapipa. Dakika kumi za kwanza za mvua ziache zimwagike, zinaosha kinyesi cha ndege na vumbi. Funika mapipa kwa chandarua kilichobanwa. Mbu wa dengi anazaliana kwenye maji safi yaliyosimama, na Dar iliiona dengi 2014 na tena 2019.

Maji ya kunywa yanaweza kutibiwa kwa jua bila kuni wala umeme. Tumia chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2, zisizo na mikwaruzo. Weka chupa iliyojaa juu ya gazeti na utazame kutoka mdomoni: kama huwezi kusoma kichwa cha habari kupitia maji, ni machafu mno, yachuje kwanza. Zilaze juu ya bati juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo. Siku za mvua ya kutwa chemsha. Njia hii inaua vijidudu, haitoi chumvi wala kemikali.

Sabuni

Nunua mche mzima, ukate siku hiyohiyo kwa uzi mgumu au waya, kwa sababu ukikauka hupasuka vipande. Panga vipande kwenye ubao kivulini, penye upepo, viachane kidole, wiki tatu au nne. Maji yaliyomo hutoka, kipande kinakuwa kigumu na kinadumu muda mrefu zaidi mkononi. Usivianike juani, vitachanika. Bafuni weka kipande juu ya vizibo vya soda visikae kwenye maji. Mabaki yaliyobaki madogo kama kidole yatie kwenye soksi kuukuu ya kusugulia vyombo, au yakwangue gramu 100 kwenye lita moja ya maji ya moto. Kesho yake ni uji mzito wa kufulia.

Sokoni, njiani na kwenye simu

Ndizi na matunda ya jumla yako Mabibo, mitumba Karume, samaki Feri. Kwa nyanya, changieni tenga. Masalo, zile zilizopasuka au kubonyea, ni nzuri zikipikwa siku hiyohiyo. Zenye ukungu zitupwe nzima. Kilo 5 zikikatwa na kuchemshwa bila maji hadi zipungue nusu, na chumvi kijiko kimoja, hugandishwa kwenye makopo ya siagi yaliyooshwa. Samaki wanunuliwe asubuhi mnadani, jicho angavu, shavu jekundu. Akishapigwa jua mchana hana akiba yoyote, hata kwa nusu bei.

Kwenye nauli, adui ni kupanda gari mbili, na kugeuza na gari, yaani kulipanda likielekea mwisho wa njia ili urudi nalo ukiwa na kiti, maana kugeuza ni nauli nyingine. Ukiamka mapema nusu saa unapata kiti bila kugeuza, na kipande cha mwisho kisichozidi kilomita 2 ni dakika 25 za miguu.

Ada za kutoa pesa kwa simu zimepangwa kwa ngazi, kwa hiyo kutoa 5,000 mara nne kwa kawaida ni ghali kuliko kutoa 20,000 mara moja. Linganisha kwenye jedwali lililobandikwa kwa wakala. Bando lihesabu kwa MB kwa shilingi, kama mafuta. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani ya riba kubwa, usiiguse kwa ajili ya kununua kwa jumla: riba ya wiki moja inameza faida ya dumu la mafuta la mwezi.

Akiba yenyewe iweke kwenye kibubu cha mbao kisicho na mlango, cha kuvunjwa, si cha kufuli. Kila unapokosa kwenda dukani kupimiwa, tumbukiza papo hapo ile jero, siyo jioni. Bandika juu yake karatasi yenye kitu kimoja na bei yake: maharage kilo 15, Tandale. Kivunje asubuhi ya siku ya kwenda sokoni, ukiwa umeshalikausha dumu.